Kukohoa Mlangoni

Mkamwana wangu nilimjua kwa masikio. Miaka yote aliyofanya kazi katika chumba kilichopakana na changu sikuwahi kumtazama usoni, wala yeye hakunitazama, na wote wawili tuliona ndivyo inavyopasa. Kwetu Unyakyusa baba mkwe na mke wa mwanawe hawakutani. Akinisikia nakuja njiani, huingia kwenye migomba mpaka nipite. Nikitaka kuingia mahali alipo, nakohoa kwanza, naye hujificha, au hugeukia ukuta na kujifunika kitenge. Tunaita ukutila, kuogopa, lakini si woga wa mtu anayepigwa. Ni heshima. Dini ilikwisha kulegeza mambo hayo katika nyumba nyingi, na wapo wachungaji vijana waliokula meza moja na wakamwana wao. Mimi nililelewa na baba wa zamani, na mke wangu alimwogopa baba yangu hivyo hivyo mpaka siku tuliyomzika. Basi tuliendelea.

Nilikuwa mwinjilisti wa kituo cha afya cha kanisa, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Kazi yangu ilikuwa kuomba na wagonjwa asubuhi, kukaa na wanaokufa, na kuwaandalia ndugu zao maneno ya kuondoka nayo. Nilipewa chumba kidogo chenye meza na dirisha linalotazama upande wa Kisondela. Ukuta uliotenga chumba changu na chumba cha kompyuta ulikuwa wa mbao, na haukufika darini. Pale juu sauti zilipita zilivyotaka.

Yeye na mwanangu walikuja nyumbani wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa. Walikuwa wameajiriwa pamoja Mbeya, yeye kwenye kompyuta, mwanangu kwenye ghala, na wote wawili walipunguzwa kazini. Walishuka kwenye gari na godoro, sufuria, na sanduku zito ambalo mwanangu alisema ni vitabu vya mkewe. Mkewe alipata kazi ya kompyuta kituoni kwetu, na hawakukaa sana kabla mwanangu hajaanza kukonda. Ulikuwa ugonjwa wa miaka ile, ule ambao msibani tuliuita kifua na kutazama chini. Nilimzika mwenyewe, kwa sababu mchungaji siku hiyo alikuwa na maziko mengine mawili.

Matanga yalipoanuliwa ndugu zangu walikaa uani kuzungumza habari za mjane. Hakuwa na mtoto. Mdogo wangu alisema arudi kwao Kyela, na nyumba ya matofali aliyoachiwa na mumewe, pamoja na migomba yake, apewe kijana mwingine wa ukoo. Mke wangu, ambaye kwa kawaida hasemi mbele ya wanaume, alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Amewaomba chakula?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Amewaomba nguo?"

"Hapana."

"Ana kazi kituoni. Anakula jasho lake, na mimi ananiletea sukari. Siku akikosa kazi, njooni tena mseme. Leo nendeni mkalale."

Waliondoka, lakini neno lile walilishika. Siku akikosa kazi. Tangu hapo nyumba ya mkamwana wangu ilisimama juu ya ile kazi kama nyumba ya mianzi juu ya nguzo zake, na kila mtu wa ukoo alijua.

Kompyuta zenyewe zilikuwa kukuu. Marafiki wa kanisa wa ng'ambo walizituma baada ya wao kuzichoka, zikafika zimefungwa kwenye mablanketi ambayo tuliyafurahia kuliko mashine. Kazi yake kubwa ilikuwa watu wa kifua kikuu. Kila mgonjwa aliingizwa humo na kijiji chake, na kila Ijumaa printa ilitoa majina ya wale ambao hawakuja kuchukua dawa. Wahudumu wa vijijini walichukua karatasi hizo wakaenda kwa miguu Nkunga, Mpuguso, Kisondela, wakabisha hodi. Mtu wa dawa ile akiacha katikati, hufa, na kabla hajafa huwaambukiza wa nyumbani mwake. Niliwaona walioletwa kwa sababu ya karatasi ile. Walikuja wamekasirika, wakilalamika kwamba wametolewa shambani, na walipona.

Nilimsikia akiwapo kabla yangu kila asubuhi. Unyevu wa Tukuyu huotesha ukungu kwenye jalada la Biblia, sembuse mashine. Alikuwa akiingiza jiko la mkaa dogo kukausha hewa ya chumba, kisha akilitoa. Nilisikia skrubu zikidondoka kwenye kisahani cha bati, halafu brashi ikisugua, halafu ukimya mrefu, halafu ile sauti ya mashine kuamka, kama mzee anayevuta pumzi. Akifanikiwa alisema kwa sauti ndogo, "Haya, mama." Sijui alikuwa akiiambia mashine au akijiambia mwenyewe. Mara moja alitoa kiota kizima cha mijusi ndani ya printa, nikamsikia akiwaomba radhi.

Na kila wingu lilipofunika mlima Rungwe, nilisikia kiti kikisogezwa, kisha plagi zikichomolewa moja baada ya nyingine, kisha waya wa simu, kisha mablanketi yakitandazwa juu ya mashine. Umeme wetu ulikuwa wa kuja na kuondoka, na radi ya huku haina simile. Dirisha lake lilitazama mlima, naye aliutazama kama mchungaji wa ng'ombe anavyotazama msitu.

Wagonjwa waliopona walirudi na shukrani. Muuguzi alipewa mkungu wa ndizi, tabibu alipewa jogoo, na mimi, ambaye sikuwa nimefanya lolote ila kuomba, nilipewa maparachichi mpaka mke wangu akachoka kuyagawa. Mwenye kompyuta hakupewa kitu. Hakuna aliyemnyima kwa chuki. Yeye alipofanya kazi vizuri, hakuna kilichotokea, na watu hawajui kushukuru kwa jambo ambalo halikutokea. Mimi nilijua, kwa sababu ya ule ukuta. Nilimtaja katika sala zangu za asubuhi, kwa sauti ya chini asinisikie, maana hata jina lake sikupaswa kulitamka. Nilisema, "Na huyu wa ng'ambo ya mbao." Mungu alijua ni nani.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Ijumaa ya masika, mchana. Printa ilikuwa ikitoa majina, nayo ililia kama msumeno unaopasua mninga. Upande wa mlima kulikuwa kweupe. Wingu lilikuja kwa nyuma, kutoka Kisondela, upande wa dirisha langu, jeusi na la chini, na ndani yake niliona radi ikitembea. Ngurumo yake ilimezwa na printa. Nilingoja nisikie kiti kikisogezwa. Hakikusogea. Nikaelewa kwamba yeye haoni ninachoona.

Nilitoka barazani nikasimama kwenye mlango wake, nikakohoa.

Mtu wa mbali ataniuliza kwa nini sikupiga kelele tu, "Radi!" Na mimi nimejiuliza. Kinywa ambacho hakijamsemesha mtu kwa miaka yote hakifunguki kwa ghafla. Nilikuwa na neno moja tu la kumwambia mkamwana wangu, na neno hilo lilikuwa kikohozi. Nilikitoa kwa nguvu kuliko siku zote, nikidhani nguvu hiyo itamweleza.

Nilisikia kiti kikisogezwa. Nikashukuru. Nikangoja sauti ya plagi, na haikuja. Nikakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Ndani palinyamaza kabisa, maana printa nayo ilikuwa imefika mwisho wa karatasi. Sasa najua alichokuwa akifanya. Alisikia baba mkwe anakohoa mlangoni, akafanya alivyofundishwa na mama yake. Alikwenda nyuma ya kabati la dawa, akageukia ukuta, akajifunika kitenge kichwani. Niliposisitiza, alijibana zaidi, akijiuliza mbona leo sipiti. Mimi nilisimama nikingoja achomoe. Yeye alisimama akingoja niondoke. Tulikuwa tukiheshimiana hivyo radi ilipopiga.

Mwanga ulikuwa mweupe na mlio wake haukuwa wa angani, ulikuwa wa mle ndani. Soketi ziliruka kutoka ukutani. Moshi ulitoka mlangoni ukiwa na harufu ya nywele na plastiki. Nilikwisha kutia mguu mmoja ndani ya kizingiti, Mungu ni shahidi, ndipo Matroni, mkuu wa wauguzi, alipokuja mbio kutoka wodini akanipita kwa bega.

"Yu mzima?" niliuliza nikiwa nimefumba macho.

"Mzima! Yuko nyuma ya kabati. Fumbua macho, Mwinjilisti, utajigonga." Kisha nikamsikia akimwambia, "Mama, tetemeka tu, tetemeka mpaka iishe."

Mashine zote ziliungua.

Katibu wa kituo alikuwa mtu wa mkoa wa mbali, aliyeletwa miaka ile ambapo kila kitu kilitakiwa kijitegemee. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefunga mlango wa jiko la wagonjwa na kupunguza walinzi, na usiku hakupata usingizi, aliniambia mwenyewe. Aliita kikao kidogo cha watu watatu: yeye, Matroni, na mimi kwa niaba ya kanisa. Mkamwana wangu aliitwa aje ajibu kwa nini hakuchomoa mashine. Sote tulijua kwamba hapo ndipo nyumba yake ilipokuwa ikiamuliwa.

Alikuja. Nilisikia viatu vyake barazani, vikasimama nje ya mlango, havikuingia.

"Karibu," Katibu akasema.

Viatu havikusogea.

"Nimesema karibu, ingia."

"Hawezi," akasema Matroni.

"Hawezi au hataki?"

"Baba mkwe wake amekaa humu."

Katibu alinitazama, akautazama mlango. "Kwani baba mkwe ni simba?"

"Simba ana nafuu," Matroni akamjibu. "Simba unaruhusiwa kumwangalia."

Katibu hakucheka. "Basi Mwinjilisti atoke kidogo, tumsikie."

Niliinuka, na nikiwa nimeshika mgongo wa kiti niliona shida ilivyo. Nikikaa, haingii, na asiyeingia huhesabiwa mkaidi. Nikitoka, ataingia, lakini hatasema kilichotokea. Mke mwema hasemi mbele ya wageni kwamba baba mkwe wake ndiye aliyemfukuzia nyuma ya kabati. Angekufa kwanza. Basi nilisema mimi, nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kufika barazani. Nilieleza wingu, na printa, na kikohozi cha kwanza na cha pili, na desturi yetu. Ilikuwa mara ya kwanza kumzungumzia mbele ya watu, na jasho lilinitoka kana kwamba ninahubiri uchi.

Matroni akaongeza: "Na kama angeelewa, Katibu, angekuwa ameshika plagi wakati ule. Leo tungekuwa tumekaa msibani, si kikaoni. Kile kikohozi kimetuulia mashine, kimetuachia mtu."

Nilitoka kwa mlango wa nyuma, wa stoo, ili yeye aingie kwa mlango wa mbele. Alichosema nililetewa na Matroni jioni, akiwa na hasira hata maji hakunywa. Katibu alimwuliza, "Aliyosema baba yako ni kweli?" Naye, aliyekuwa amesikia kila neno langu kutoka barazani, akajibu, "Nilichelewa kuchomoa." Akaulizwa tena. Akasema tena hivyo hivyo. Hakutaka lawama yoyote inifikie, hata ile niliyojitwika mwenyewe.

Mwishoni haikuwa hata lawama iliyomwondoa. Katibu alisema mashine hazipo, na pasipo mashine hakuna cha kutunza. Nafasi ile ikafutwa. Alisema pole, na nadhani alimaanisha.

Hakuondoka mara moja. Kila Ijumaa alikuwa akinakili majina ya wagonjwa kwenye disketi na kuzipeleka nyumbani kwake, ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye mchele mkavu, ili unyevu usizile. Alikuja nazo. Nilimsikia ng'ambo ya mbao siku nyingi, bila mshahara, akifungua mizoga ya mashine na kuchagua kilichobaki kizima, mpaka asubuhi moja nikasikia mzee akivuta pumzi tena. "Haya, mama," akasema. Ilikuwa moja tu, na ilikuwa dhaifu. Akamfundisha karani kuiwasha na kutoa majina, akamwonyesha plagi, akamwonyesha mlima. Karani aliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Mwezi ule mhasibu alihamia Iringa, akafanyiwa sherehe, soda na mbuzi na hotuba. Mkamwana wangu alifunga mlango akarudisha ufunguo. Aliyeupokea alikuwa kwenye simu.

Ndugu zangu walikumbuka lile neno la mke wangu. Walikuja, wakakaa uani pale pale, na safari hii mke wangu hakuwa na la kuwaambia. Tukakubaliana arudi kwao.

Nilikaa na jambo hilo. Niliomba. Iliniuma kwamba mtu aende zake na asisikie hata mara moja kwamba kazi yake ilijulikana. Nyumbani kwetu wazee walikuwa na njia ya kuufungua mwiko: baba mkwe humpa mkamwana ng'ombe, na baada ya hapo wanaweza kusalimiana. Aghalabu hufanywa mzee anapougua sana na anahitaji kuuguzwa. Nilikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa.

"Ng'ombe kwa mwanamke anayeondoka?" mdogo wangu alisema. "Kaka, unamwagilia mto."

"Mto nao hunywewa na watu," mke wangu akamjibu kutoka jikoni.

Siku moja kabla ya safari nilikaa kwenye kiti uani, ng'ombe amefungwa kwenye mgomba. Mke wangu alimleta kwa mkono. Alipiga magoti mbali, kitenge kimemfunika kichwa chote. Nilimkabidhi kamba ya ng'ombe. Akaipokea kwa mikono miwili, nikaona vidole vyake vina makovu madogo ya kuungua, mengi, kama tetekuwanga. Kisha mke wangu akamfunua.

Sikujua kwamba alivaa miwani. Hilo ndilo lililonishtua. Miaka yote ile, na sikujua. Nywele zilikuwa zimeanza mvi kwenye paji, na alikuwa amekonda mashavuni kwa namna niliyoifahamu, kwa kuwa niliiona kwanza kwa mwanangu.

"Mugonile, Tata," akanisalimu kama baba yake, akitazama magoti yangu.

Niliitikia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, ni kazi yangu hiyo, na yote yakaniacha. Nikasema, "Nilikuwa nakusikia. Jiko la asubuhi. Skrubu kwenye kisahani. Mijusi uliyowaomba radhi. Watu wa Nkunga na Mpuguso walioletwa wakapona, nilijua ni wewe. Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."

Aliizungusha kamba ya ng'ombe mkononi. Kisha akasema, "Na mimi nilikuwa nakusikia, Tata."

"Ulisikia nini?"

"Sala za asubuhi. Yule wa ng'ambo ya mbao." Akafuta miwani kwa ncha ya kitenge. "Na baada ya chakula cha mchana ulikuwa unakoroma. Nilikuwa nazima printa ili usiamke."

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka. Tulikula mbalaga, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, chungu kimoja, watu watatu, na kesho yake kaka yake akaja, wakateremka Kyela na ng'ombe mbele yao.

Hakumaliza masika mengine. Habari ililetwa na mchuuzi wa mchele. Tulishuka mimi na mke wangu, na kwa sababu tulikwisha kusalimiana niliketi mbele, pamoja na baba zake, nikaruhusiwa kutupa udongo kwa mkono wangu. Ng'ombe alikuwa amezaa. Baba yake alinionyesha ndama.

Niliporudi kituoni, karani alikuwa ameacha kazi akafungue duka, na hapakuletwa mwingine. Muuguzi mmoja ndiye aliyewasha ile mashine kila Ijumaa, akatoa majina, akaondoka zake. Watu wa Nkunga bado walifuatwa, wengine kwa kuchelewa. Mmoja wao nilimzika, baba wa watoto wadogo. Karatasi yake ilikuwa imekaa kwenye printa tangu Ijumaa bila mtu wa kuichukua.

Mimi sijui kompyuta. Mpaka leo sijui. Lakini plagi naijua, na wingu nalijua, la mlimani na la Kisondela. Nikiliona linakuja, huacha Biblia wazi mezani, hutoka barazani, husimama kwenye mlango wa kile chumba. Nakohoa kwanza. Kisha naingia, nachomoa moja baada ya nyingine, na waya wa simu, na kutandaza blanketi.